Dhulma kwa Watoto Ndani ya Nyumba Zetu

Huku kwetu Gulwe, katika wilaya ya Mpwapwa, jua likielekea kuchwa kila mwenye mifugo husimama penye mlango wa zizi akahesabu. Mbuzi mmoja akikosekana hapana atakayelala. Vijana hutumwa makorongoni na tochi, jirani huulizwa, na jirani wa jirani huulizwa, hata mnyama yule apatikane au ipatikane habari yake. Hilo ni jambo jema, kwani mali ni neema ya Mwenyezi Mungu na kuipoteza kwa uvivu ni makosa. Lakini twawauliza ndugu zetu wasomaji, kina baba na kina mama na vijana: ni nyumba ngapi ambazo jioni hiyo hiyo huhesabiwa watoto? Tusemapo kuhesabiwa hatuna maana ya kujua tu kwamba wamelala ndani. Maana yetu ni kujua kama mtoto amekula, na amekula nini. Ni nani aliyekuwa naye mchana. Na kama yuko mahali pengine, yuko kwa nani na analala wapi.

Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Watu wa Ugogo hawahitaji kufasiriwa mfano huo. Na katika hadithi nyingine tumeonywa kuwa yamtosha mtu dhambi kuwapoteza wale ambao riziki yao iko mikononi mwake. Liangalieni neno hilo, kupoteza. Hapakutajwa kupiga wala kutesa. Kumetajwa kuacha tu. Basi mtu aweza kuwa hakuinua mkono wake hata siku moja juu ya mwanawe, na bado akaandikiwa dhambi kwa sababu ya yale ambayo hakuyafanya.

Wengi wetu tukisikia habari za watoto kudhulumiwa hudhani kuwa ni mambo ya miji mikubwa, au ya walevi, au ya watu wasio na dini. Uchunguzi hausemi hivyo. Mwaka 2009 Serikali yetu, pamoja na UNICEF, ambalo ni shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wa Marekani, waliwauliza vijana 3,739 wa umri wa miaka 13 hadi 24 juu ya yaliyowapata utotoni mwao. Majibu yalitangazwa mwaka 2011. Wasichana karibu 3 katika kila 10, na wavulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Waliopigwa ngumi, mateke au mijeledi walizidi 7 katika kila 10, wake kwa waume. Robo yao walidhulumiwa kwa maneno, wakatukanwa na wakubwa wao au wakatishwa kuwa watatupwa. Na lililotuhuzunisha zaidi ni kwamba wasichana karibu nusu ya wale waliofikwa na ukatili wa kingono, na wavulana wengi zaidi ya nusu, hawakumwambia mtu yeyote. Tufikiri kidogo: vijana wale walioulizwa mwaka 2009 ndio baba na mama wa watoto tunaowasomesha leo.

Wataalamu hugawa dhulma hiyo mafungu manne, nayo ni ya mwili, ya moyo, ya tupu, na ya kutelekeza. Sisi hatutayafuata mafungu hayo moja baada ya moja, kwani aghalabu huja pamoja katika nyumba moja, kama vile inzi na nzi wadogo wanavyokuja pamoja penye kidonda kimoja. Lakini juu ya kutelekeza hatuna budi kusema neno, kwa sababu hapo maskini huonewa. Ufukara si utelekezaji. Nchi yetu hii ya katikati ni kame. Mvua ikikatika mwezi wa Februari mtama husimama shambani umekauka, na mama aliyepika uji mwembamba kwa unga wa mwisho alio nao hakumtelekeza mtu. Mtelekezaji ni yule aliyeuza magunia ya ufuta mnadani, fedha akazimaliza kilabuni na kwa wenziwe, kisha akarudi nyumbani akamkuta mtoto ana homa siku ya tatu na kuuliza kwa nini hakupelekwa zahanati. Mtelekezaji pia ni yule mwenye wake wawili ambaye watoto wa mke aliyeachwa hawawajui hata nguo za Idi. An-Nu'man bin Bashir alipopewa zawadi na baba yake peke yake, Mtume (s.a.w.) alimwuliza baba yule kama amewapa na watoto wake wengine, alipojibu kuwa hakuwapa, Mtume alikataa kuishuhudia zawadi ile, akamwamuru amche Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Talaka huvunja ndoa. Haimwondoi mtoto katika ubaba wa mtu.

Kanzu ya Yusuf

Watu hutuuliza: twawezaje kujua? Mtoto hasemi, na mambo yenyewe hufanyika ndani. Jibu moja tunaloliona katika Qurani Tukufu ni katika Sura ya Yusuf. Ndugu zake walimjia baba yao usiku wakilia, wakaleta kanzu yenye damu, wakasema kuwa mbwa mwitu amemla. Wafasiri wengi wamesema kuwa Nabii Yaaqub (a.s.) aliitazama kanzu ile akaona ina damu lakini haikuchanika. Mbwa mwitu gani huyu amlaye mtu asichane nguo yake? Machozi ya wale vijana hayakumfanya asahau kutazama.

Hivyo ndivyo ipasavyo kwa mzazi, mwalimu na jirani. Tuambiwapo mtoto ameanguka mtini, tutazame kama jeraha lafanana na la kuanguka. Mtu aangukaye huumia magoti, viwiko na paji la uso. Ni vigumu kuanguka ukapata mistari mgongoni, au duara ya moto nyuma ya kiganja, au alama za kamba kwenye vifundo vya mikono. Tutazame pia kama alama ni za siku moja, ama moja imepona na nyingine ingali mbichi. Kisha ziko alama zisizo za mwili. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza tena. Mtoto aliyekuwa akisoma kwa sauti chuoni hunyamaza, au husinzia kila siku asubuhi kwa kuwa hakula tangu jana. Mtoto mdogo hutamka mambo ya watu wakubwa ambayo hapana aliyemfundisha kwa heri. Mtoto hukakamaa litajwapo jina la mtu fulani, au hukataa katakata kutumwa kwenye nyumba fulani na hasemi kwa nini. Alama moja peke yake si ushahidi. Huenda ni maradhi, huenda ni msiba. Lakini kanzu ikipingana na maneno, hapo ndipo pa kusimama.

Tena Qurani yatupa mfano wa pili, nao ni wa mlezi mwema. Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa amemlea Maryam. Kila alipoingia alimokuwa akisali alimkuta na riziki, naye hakupita kimya. Alimwuliza imemtoka wapi. Riziki ile ilikuwa imetoka kwa Mwenyezi Mungu, na jibu lake likawa sababu ya Zakariya mwenyewe kuomba dua. Tunalolitaka hapa ni swali lake. Yeye ni Nabii, na mtoto ni Maryam, na mahali ni pa ibada, na bado mlezi aliuliza. Leo binti wa miaka 13 arudi nyumbani na simu ya mkononi, au na mafuta ya nywele, au na noti ya shilingi elfu kumi, na mama hufurahi kimya kimya kwa kuwa nyumbani hamna kitu. Wenye nia mbaya kwa watoto mara nyingi hawaanzi kwa nguvu. Huanza kwa peremende, kwa lifti ya pikipiki, kwa daftari, kwa upole ambao mtoto haupati kwao. Na wavulana wasisahauliwe katika hili, kwani wao pia huwindwa, na aibu huwafunga midomo kuliko dada zao.

Mtoto akianza kusema, msikilizaji ajizuie. Asipige kelele, asimwapize, asimwambie kuwa anasingizia watu wazima. Asimtie maneno kinywani. Amwache aseme kwa maneno yake. Amwambie kuwa amefanya vema kusema na kwamba kosa si lake. Wala asimwahidi kuwa hatamwambia mtu, kwani ahadi hiyo hataweza kuitimiza.

Watoto wa Kutumwa Mjini

Wazee wetu walisimulia habari za njaa iliyoitwa Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Vita vya Wazungu vilipita hapa. Majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe na nafaka, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo, na mvua nazo zikakatika. Wenye kuandika tarikh wanakadiria kuwa katika watu wapatao 150,000 wa Ugogo walikufa 30,000. Katika njaa ile ilitokea watu kuwapeleka watoto wao kwa wenye chakula, wakawa kama rehani. Hatuwalaumu, mzazi aliyeona mtoto atakufa usiku ule alitafuta mahali atakapopata uhai.

Lakini desturi huweza kubaki baada ya sababu yake kuondoka. Tangu reli ya kati ilipopita hapa zama za Wajerumani, stesheni ya Gulwe imekuwa mlango wa Mpwapwa, na tangu mwaka 2024 treni za umeme nazo zapita kwenye reli mpya. Kwa mlango huo, na kwa mabasi, watoto wetu huondoka. Aja mtu aliyevaa vizuri, huitwa shangazi ingawa hapana ajuaye vema ukoo wake, asema kuwa Dar es Salaam kuna mama anataka binti wa kumsaidia kazi, atamvisha, atamsomesha cherehani, atatuma fedha kila mwezi. Baba apewa nauli na kitu kidogo. Binti afunga nguo zake katika mfuko wa nailoni. Ukimwuliza baba yule baada ya mwezi binti yake yuko mtaa gani, atakwambia yuko Dar es Salaam. Huyo ndiye aliyetafuta mbuzi wake hata usiku wa manane.

Nyumba za watu wema ziko, wala hatusemi kuwa kila mwenye kumwajiri msichana ni dhalimu. Lakini tumewaona wanaorudi. Tumemwona binti aliyerudi baada ya miaka miwili hakupewa mshahara hata senti, na mikono yake ina makovu ya mafuta ya moto. Tumewaona waliorudi na mimba wasizoweza kuzitaja baba zake. Wapo pia watoto wa mikoa hii ya kati wanaokaa na wakubwa wao kwenye taa za barabarani mjini wakiomba, na wepesi wa kutoa sadaka hawajiulizi kwa nini mtoto yuko pale saa za shule. Hali ya mtoto wa namna hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mambo yote manne tuliyoyataja humkuta mahali pamoja: hupigwa, hutukanwa, huingiliwa na wanaume wa nyumba, na wazazi wake hawajui.

Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, imesema kuwa mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na kwamba asiyetimiza miaka 14 haajiriwi. Aliyetimiza miaka hiyo aweza kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumwondoa shuleni, wala haruhusiwi kufanyishwa kazi baina ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Ni nyumba ngapi za mjini ambazo msichana wa kazi hulala kabla ya saa mbili?

Ama sisi Waislamu tuna kipimo cha zamani zaidi ya sheria hiyo. Anas bin Malik aliletwa na mama yake, Ummu Sulaym, kumtumikia Mtume (s.a.w.) naye ni mtoto wa miaka kama kumi. Mama yule alijua anamkabidhi nani, na nyumba ilikuwa ya jirani katika mji mmoja. Anas akatumika miaka kumi, na baadaye, alipokuwa mzee, alieleza kuwa katika miaka yote ile Mtume hakumwambia hata neno la kuguna, wala hakumwuliza kwa nini amefanya hili au ameliacha lile. Na sahaba Abu Mas'ud alipokuwa akimpiga mtumishi wake, alisikia sauti nyuma yake ikimkumbusha kuwa Mwenyezi Mungu ana uwezo juu yake kuliko alio nao yeye juu ya kijana yule. Akageuka akamwona Mtume. Abu Mas'ud alimwacha huru mtumishi wake papo hapo, na Mtume akamweleza kuwa lau asingalifanya hivyo moto ungalimgusa. Kina mama wa mjini msomao kurasa hizi, msichana aliye jikoni kwenu hivi sasa ana mama yake Gulwe, au Bahi, au Manyoni.

Kwa hiyo mzazi aliyekwisha amua kumtoa mtoto wake, baada ya kutimiza umri na kumaliza shule, na afanye haya. Aijue nyumba, kwa kufika mwenyewe au kwa kumtuma ndugu anayemwamini. Maandikiano yafanywe mbele ya mtendaji wa kijiji, yataje jina la mwajiri, mtaa, namba ya simu, mshahara na siku ya kupumzika. Binti mwenyewe afundishwe namba ya simu ya nyumbani kwa moyo, kama afundishwavyo Fatiha, kwani karatasi hupotea na simu hunyang'anywa. Na kila wiki azungumzwe naye, yeye mwenyewe na si mwajiri wake. Atakayekataa masharti hayo amekwisha kujieleza ni mtu wa namna gani.

Fimbo na Malazi

Sasa twaja penye jambo linalotuhusu sisi walimu. Kila izungumzwapo fimbo ya chuoni, mtu husimama akataja hadithi ya kuwaamuru watoto Sala wakiwa na miaka saba na kuwapiga kwa ajili yake wakiwa na miaka kumi. Hadithi hiyo ipo. Lakini na tuihesabu. Baina ya saba na kumi ni miaka mitatu. Na Sala ni tano kila siku. Basi mtoto amekumbushwa kwa ulimi zaidi ya mara 5,000 kabla haijatajwa fimbo. Nani katika sisi amekumbusha mara 5,000? Mtoto wa miaka sita akikosea herufi ya dhadi hupigwa siku ile ile. Wanazuoni wetu waliweka mipaka: si usoni, si kwa hasira, si kwa kuvunja wala kuacha alama, na wako waliosema kuwa kipigo chenyewe ni cha kama mswaki. Bibi Aisha ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alikwisha eleza katika Mukadima yake kuwa mwanafunzi alelewaye kwa ukali hujifunza uongo na hila ili aokoke na mkono wa mwalimu, na uchangamfu wa nafsi yake hufa. Sisi tunaona kuwa mtoto aliyehifadhi Juzuu Amma kwa kuogopa fimbo huisahau akiondoka chuoni, na tena huuchukia msikiti.

Shule za serikali zina kanuni zake. Za mwaka 2002 zasema viboko visizidi vinne, navyo vitolewe na mwalimu mkuu au aliyempa idhini kwa maandishi. Na bado, mwezi wa Agosti 2018, mwanafunzi wa shule moja ya msingi mjini Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa kushukiwa wizi, wizi ambao ilidhihiri kuwa hakuufanya. Vyuo vyetu vya Qurani vingi havina hata kanuni ya maandishi. Kufundisha bila mjeledi kwawezekana: tangu mwaka 1986 huko Mombasa, kisha Zanzibar na Uganda, zilianzishwa madrasa za watoto wadogo ambamo Qurani na mafunzo ya chekechea hufundishwa kwa michezo na vifaa vya kwao wenyewe, vifuu na kokoto na mbegu, na walimu wake wengi ni wanawake wa mitaa ile ile.

Tena hadithi ile ile ya fimbo ina sehemu ya mwisho ambayo watu hawaitaji: kwamba watoto watimizapo miaka kumi watenganishwe malazi. Ajabu ni kuwa fimbo imekumbukwa na malazi yamesahauliwa! Katika tembe zetu mgeni akija kwa msiba au kwa mnada, mjomba au binamu au rafiki wa baba, hutandikiwa pamoja na watoto kwa kuwa nafasi ni ndogo. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Nur ameweka nyakati tatu ambazo hata watoto huomba idhini kuingia kwa wakubwa, kabla ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri na baada ya Isha. Dini iliyoweka adabu hiyo haikuona haya kuzungumza habari za mwili na usingizi. Na sisi tusione haya. Mtoto na afundishwe mapema kuwa tupu yake haiguswi na mtu wa kucheza naye, kwamba siri ya namna hiyo haiwekwi hata mkubwa akimwamuru, na kwamba mgeni ndiye apaswaye kulala sebuleni.

Neno moja kwa haraka juu ya jambo jingine la mkoa wetu. Wako wanaowakeketa watoto wa kike, wengine wachanga kabisa, kwa kudai kuwa wanatibu lawalawa. Ugonjwa huo ni maambukizo ya njia ya mkojo au ya ukeni. Hutibiwa kwa usafi na kwa dawa za hospitali, wala wembe hauutibu. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa wanawake 47 katika kila 100 wa Mkoa wa Dodoma walikuwa wamekeketwa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumfanyia hivyo msichana aliye chini ya miaka 18. Hatujapata kuona katika vitabu aya iliyoyaamuru, na madhara yake twayaona kila mwaka kwa wanawake wazaao.

Lipo linalotukera kuliko yote, nalo ni sulhu ya ng'ombe. Mtoto ameharibiwa, mtendaji ni jirani au ndugu, wazee wakutana chini ya mbuyu, ng'ombe wawili au watatu watolewa, baba wa mtoto awapokea, na kesho yake mtoto apita mbele ya mtu yule akienda kuteka maji mtoni Kinyasungwe. Aliyedhulumiwa ni mtoto na aliyelipwa ni baba! Wengine huleta dini, wakasema kuwa tumeamrishwa kusitiriana. Naam, tumeamrishwa kumsitiri aliyeteleza baina yake na Mola wake. Aliyemdhulumu mwingine hasitiriwi kwa gharama ya mdhulumiwa, wala kumsema kwa hakimu si kusengenya. Imam Nawawi ameitaja shitaka la mdhulumiwa kuwa la kwanza katika mambo yanayohalalisha kutaja aibu ya mtu. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa vipi tutamsaidia ndugu yetu aliye dhalimu, alijibu kuwa ni kwa kumzuia na dhulma yake. Tena kwa sheria za nchi kosa hilo ni jinai. Wazee hawana mamlaka ya kulifuta, na Sheria ya Mtoto yampasa kila mwenye ushahidi katika jamii kutoa habari kwa serikali ya mahali pake.

Njia yenyewe ni hii. Mtoto aliyeingiliwa asioshwe, na nguo zake zisifuliwe. Zitiwe katika karatasi au kitambaa kikavu. Afikishwe hospitali mapema iwezekanavyo, na isipite siku ya tatu, kwani dawa ya kumkinga na virusi vya Ukimwi haifai baada ya saa 72. Polisi hutoa fomu iitwayo PF3, na kwenye vituo vya wilaya lipo Dawati la Jinsia na Watoto ambalo kazi yake ni hiyo. Ofisa wa ustawi wa jamii yuko halmashauri. Na kwa yeyote mwenye simu, hata mtoto mwenyewe, namba 116 hupigwa bila malipo. Vijana mtusomeao jarida hili nyumbani, namba hiyo iandikeni kwa chaki nyuma ya mlango.

Chuoni kwetu tuna daftari la mahudhurio. Mtoto asipofika siku mbili, wanafunzi wawili wakubwa hutumwa kwao baada ya Sala ya Alasiri kuuliza hali, na jibu huandikwa mbele ya jina lake: mgonjwa, yuko shambani, amekwenda Mpwapwa kwa bibi. Likiandikwa kuwa amesafiri, tunakwenda wenyewe kumwuliza baba amesafiri na nani.